Lifti ya gari nyumbani Mombasa: anza na sakafu

Wanaonipigia simu kuhusu lifti ya gari karibu wote huanza na bei. Wameona picha mtandaoni, nguzo mbili zimebeba Prado juu kabisa, na tayari wanajiona wamesimama chini yake wakibadilisha bushi bila kulala kwenye vumbi. Mimi huwauliza kwanza: sakafu yako ina zege la inchi ngapi? Wengi hawajui. Basi huwaambia wasinunue chochote mpaka wajue, kwa maana katika mji wetu huu lifti huchaguliwa na sakafu, na dari, na hewa ya chumvi. Pesa hufuata nyuma.

Mimi ni fundi wa magari. Nimefanya kazi Shimanzi, kisha Changamwe, na siku hizi nafanyia nyumbani Mikindani, chini ya paa la mabati nililolijenga ubavuni mwa nyumba. Nayaandika haya kwa mtu mwenye gari moja au mawili anayependa kujifanyia servisi mwenyewe, na kwa fundi kijana anayetaka kuacha kulala chini ya magari ya watu. Jambo hili nalichukulia kwa uzito. Niliwahi kuona gari likiporomoka kutoka juu ya jeki kule Magongo, na kijana aliyekuwa chini akatoka mzima kwa sababu alikuwa amelaza gurudumu la akiba chini ya chesisi. Jeki ni ya kunyanyulia. Kushikilia gari juu ya mtu si kazi yake. Lifti nzuri hufanya yote mawili, ila mpaka iwe imesimama mahali panapostahili.

Sakafu

Lifti ya nguzo mbili hulibeba gari kwa mikono minne inayotokeza kutoka kwenye nguzo kwenda ndani. Uzito wote umening'inia kwenye mikono hiyo, kwa hivyo kila nguzo inavutwa iangukie ndani, upande wa gari. Kinachoizuia ni boliti za chini, hasa zile za upande wa nje, ambazo zinavutwa juu kama msumari unaong'olewa. Ukilielewa hilo utajua kwa nini zege ni nusu ya mashine. Boliti nene iliyotiwa kwenye zege bovu itang'oka na bonge la zege lenyewe.

Vitabu vya maelekezo vya lifti za nguzo mbili za tani 4 hutofautiana. Vingine vinataka zege la inchi 4 kwa uchache, sawa na sentimita 10, lenye nguvu ya psi 3,000. Vingine vinataka sentimita 15 hadi 20. Vyote vinataka liwe limekomaa, yaani siku 28 tangu limwagwe. Kwa nyumba zetu mimi hushauri sentimita 20 zenye nondo, hata kama kitabu kinakubali kidogo. Sababu ni kwamba sakafu nyingi za hapa zimemwagwa juu ya mawe na kifusi cha matumbawe ambacho hakikushindiliwa sawasawa. Kwa miguu ya watu na magurudumu ya gari lililosimama, inatosha. Kwa nguzo inayobeba tani nzima kwenye kibao kisichozidi nusu mita, haitoshi.

Kupima ni rahisi. Chukua drili ya nyundo na biti ya milimita 10, toboa mahali nguzo itakaposimama. Utasikia biti ikizama ghafla ikifika kwenye mawe ya chini. Ingiza waya uliokunjwa ncha, uivute mpaka inase kwenye ukingo wa chini wa zege, kisha pima. Unaohesabiwa ni unene wa zege tupu. Ile plasta ya juu na vigae havina nguvu ya kushika boliti, na vigae vitolewe pale nguzo itakapokaa. Toboa mahali pa nguzo zote mbili, kwani mafundi humwaga zege nene mlangoni na jembamba ndani.

Kabro, yale matofali ya zege ya kupangwa chini, sitaki hata kuizungumza sana. Ni nzuri kwa kuegesha, haishiki boliti ya lifti hata moja.

Kisha kuna lililo chini ya sakafu. Maji ya mfereji hapa kwetu ni ya kusubiri, na kwa hivyo nyumba nyingi, Nyali na Bamburi na hata Tudor, zina birika la maji chini ya ardhi. Mara nyingi birika hilo, au shimo la choo, liko chini ya pahali pa kuegesha gari, kwa sababu ndipo lori la maji linapofika. Mwulize aliyejenga. Kama nyumba umeinunua au umepanga, tafuta vifuniko vya chuma, gonga sakafu kwa nyundo na usikilize mlio wa uwazi. Ukiusikia, lifti ya nguzo mbili haiwekwi hapo. Na kama gari lako huegeshwa juu ya slabu ya ghorofa, usifungue mazungumzo na muuzaji kabla mhandisi wa majengo hajaiona.

Ukikuta zege ni jembamba, huna haja ya kubomoa gereji nzima. Kata sakafu kwa msumeno, chimba, shindilia mawe, tandika nailoni, funga nondo, kisha mwaga msingi mmoja unaoenea chini ya nguzo zote mbili na kati yake. Tumia simiti ya 42.5, siyo 32.5 ya kujengea kuta, kwa mchanganyiko wa simiti moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu. Hapa ndipo pwani inapotaka uangalifu kuliko Nairobi. Usikubali mchanga wa ufukweni, na usikubali maji ya kisima chenye chumvi. Chumvi ikiingia kwenye zege hula nondo kutoka ndani, nondo inavimba kwa kutu, na zege linapasuka miaka michache baadaye, wakati gari liko juu. Nunua maji matamu ya lori. Mwashi atakwambia zege litashika tu, na ni kweli litashika. Wewe mwambie unajali mwaka wa kumi. Likishamwagwa, lifunike kwa magunia na uyaloweshe kila siku kwa wiki nzima au zaidi, maana jua la Kaskazi hulikausha juu kabla halijakomaa ndani. Siku 28 zihesabiwe kamili. Boliti zisikaribie ufa wala maungio ya zege jipya na la zamani. Vitabu vingi vinataka umbali wa inchi 6 angalau.

Wengine huniuliza kwa nini wasichimbe shimo kama la gereji za zamani. Shimo halitaki dari ya juu wala stima, hilo ni kweli. Lakini kisiwani na kando ya vijito, Tudor na Mikindani, maji huja juu wakati wa masika. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ukakaa ndani ya shimo pamoja na wewe na taa yako. Mimi siwezi kumshauri mtu achimbe shimo nyumbani kwenye watoto.

Dari

Pima kutoka sakafuni hadi kitu cha chini kabisa kilicho juu: bimu, taa, pangaboi, reli ya mlango. Si hadi slabu. Toa urefu wa gari lako kutoka chini hadi paa, pamoja na keria kama ipo. Toa tena sentimita 10 za usalama. Kilichobaki ndicho kimo ambacho gari litapanda, hata ukinunua mashine ya bei gani.

Chukua gereji ya ndani ya nyumba yenye mita 2.75. Probox ina kimo cha mita 1.5 hivi, kwa hivyo itapanda mita 1.15. Noah ina karibu mita 1.85, itapanda sentimita 80 tu. Prado ni hivyo hivyo. Ili usimame wima chini ya Prado unahitaji kuinyanyua karibu mita 1.8, na hapo unazungumzia dari ya mita 3.75 kwenda juu. Nyumba za kawaida hazina hiyo. Ndiyo maana mimi na wengi wengine tumejenga paa la mabati pembeni. Ukijenga, nenda kaunti ukachukue idhini ya ujenzi kwanza.

Nguzo zenyewe nazo zina urefu. Lifti za nguzo mbili ni za namna mbili: zile zenye bamba la chuma sakafuni linaloficha mabomba na kebo, nguzo zake zikiwa karibu mita 2.8 au 2.9, na zile zenye daraja juu, zinazoacha sakafu wazi, ambazo hufika mita 3.6 na zaidi. Kwa nyumbani ya bamba sakafuni mara nyingi ndiyo inayoingia. Utaliruka kwa miguu na jeki ya troli haitapita juu yake vizuri, lakini utazoea. Kwa upana jiwekee mita 3.5 za mashine na nafasi ya kupita pande zote mbili.

Shemeji yangu wa Bamburi ana gereji ya mita 2.75 kama hiyo niliyoitaja, na ana Noah na Vitz. Alitaka nguzo mbili kwa moyo wake wote. Tulipopima pamoja alikubali lifti ya mkasi ya kimo cha kati, ile inayolala karibu sentimita 11 sakafuni na kupanda mita moja hivi. Anakaa kwenye kigoda, anafanya breki, matairi, shoku, oili, yote kwa raha. Kushusha giaboksi kwenye mkasi ni taabu kwa sababu mashine yenyewe imekaa katikati chini ya gari, na yeye giaboksi hashushi. Mashine ilifuata kazi yake, na hilo ndilo ninalotaka kwako pia. Kaa uandike kazi ulizofanya kwenye magari yako mwaka uliopita. Kama ni oili na breki, mkasi unatosha. Kama unashusha injini, eksozi na propela, tafuta nguzo mbili na paa la kuzitosha.

Nguzo nne ni za mtu mwingine: mwenye magari matatu na nafasi ya mawili. Gari hupanda kwenye reli kwa magurudumu yake, mashine husimama yenyewe, nyingi bila hata boliti, na uzito unagawanyika kwenye nguzo nne, kwa hivyo sakafu haiteswi sana. Kwa Vitz juu na Probox chini unahitaji dari ya mita 3.3 hivi. Ila magurudumu hayaning'inii. Ukitaka kufanya breki lazima ununue jeki ya kati inayoteleza juu ya reli, na wauzaji wengi huitoza peke yake. Iulize kabla ya kulipa.

Uzito wa gari haunipi shaka sana. Probox haizidi sana tani moja, Prado ni tani mbili na kitu, Land Cruiser kubwa hukaribia tani 2.7. Lifti ya tani 4 inatosha nyumba yoyote, na nakushauri usishuke chini yake kwa nguzo mbili hata kama una Vitz, kwa sababu shemeji au jirani atakuja na pikapu iliyojaa. Zaidi ya uzito, tazama mikono. Pikapu na magari ya chesisi yanataka vikombe vya kuongeza kimo. Hakikisha vimo ndani ya sanduku. Tuktuk haifai kabisa kwenye mikono hii. Ina magurudumu matatu na haina pa kushikia. 

Na magari ya pwani yana ugonjwa wao. Kingo za chini za bodi, pale mikono inaposhika, huoza kwa kutu huku rangi ya nje ikiwa safi. Piga kwa bisibisi kabla ya kuweka mkono. Ikizama, gari hilo linyanyuliwe kwa nguzo nne au lisinyanyuliwe.

Chumvi

Lifti iliyokaa miaka kumi Nairobi bila kuguswa, hapa itakuwa imeshika kutu kabla ya miaka mitatu. Upepo wa Kusi huleta chumvi hadi ndani ya nyumba. Kinacholiwa kwanza ni kebo za chuma zinazosawazisha pande mbili zipande sawa. Kebo hupita ndani ya nguzo, huzioni, na waya wa ndani hukatika kabla ya ule wa nje. Uliza kama zimepakwa zinki, uliza kama kebo za akiba zinapatikana, na uliza kama nguzo zina mlango wa kuchungulia. Zipake grisi. Waya mmoja ukichomoza, kebo imekwisha. Usingoje wa pili.

La pili ni fimbo ya silinda, ile inayosukumwa na oili ya pampu kulinyanyua gari. Kromu yake ikishika madoa ya kutu hukwaruza sili na oili huanza kuvuja. Ukimaliza kazi ishushe mashine mpaka chini, fimbo irudi ndani ya silinda. Usiiache imenyanyuliwa miezi.

La tatu ni kufuli za usalama, na hizi ndizo roho ya mashine. Kila nguzo ina ngazi za chuma na ulimi unaodondokea ndani yake gari linapopanda. Kuna zinazofunguliwa kwa sumaku ya umeme, na kuna zinazofunguliwa kwa kuvuta kebo ya mkono. Kwa hewa yetu nachagua za mkono. Sumaku na nyaya zake huoza, na huwezi kuijua hali yake kwa macho.

Stima

Tafuta mota ya volti 220 hadi 240, fezi moja, hezi 50. Nyingi ni za kilowati 2.2. Mwambie fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, aivutie waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, na brekaa yake. Usiichomeke kwenye soketi ya jikoni. Mota ya Marekani ya hezi 60 huku itazunguka pole na kupata joto. Za mtumba kutoka Japani nyingi ni fezi tatu za volti 200, na fezi tatu yetu ni volti 415. Ukiipenda mashine hiyo, hesabu na bei ya mota mpya.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Gari likikalia kufuli, ili lishuke lazima linyanyuliwe kidogo kwanza ulimi utoke. Stima ikipotea wakati huo, gari linabaki juu mpaka stima irudi. Uliza kama pampu inaweza kufungwa mkono wa kupampu. Kama gari lako ndilo la kumpeleka mgonjwa hospitali usiku, mkono huo si anasa.

Kununua na kuwasha

Omba namba ya mashine na cheti chake. Lifti za Ulaya hupimwa kwa kiwango cha EN 1493. Za Marekani hubeba lebo ya ALI, taasisi ya huko ya lifti za magari. Kibandiko cha CE, ile alama ya Ulaya, peke yake hakitoshi, kwani kibandiko huchapishwa popote. Taka karatasi inayotaja modeli ile ile. Taka pia kitabu cha maelekezo kabla ya kulipa, ukasome unene wa zege na vipimo vya boliti. Muuzaji asiyeweza kukupa kitabu hana mashine ya kukuuzia. Jua pia kwamba sanduku lake ni nusu tani au zaidi, na vichochoro vya Majengo au Kisauni havipitishi lori lenye kreni. Uliza atakayelishusha ni nani.

Ya mtumba naikubali kwa sharti moja: niione ikiwa imesimama na inanyanyua gari. Iliyokwisha kufunguliwa na kulazwa chini siinunui, kwa sababu siwezi kuona kama pande mbili zilikuwa zinapanda sawa. Na kama utaanza kupokea magari ya wateja, hapo nyumbani pamekuwa mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mitambo ya kunyanyulia ikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa.

Siku ya kwanza nyanyua bila gari, juu hadi chini, mara kadhaa, mpaka hewa itoke kwenye oili na mikono ya pande mbili ipande sawa. Kisha weka gari lako jepesi zaidi. Linyanyue magurudumu yaachane na sakafu tu, lisukume kwa mkono mbele na ubavuni, tazama kila kikombe kimeshika wapi. Likitulia, endelea kulipandisha. Sikiliza ulimi wa kila upande ukigonga. Ukisikia upande mmoja tu, shusha. Ukifika juu, lishushe gari likalie kufuli zote mbili kabla hujaingiza kichwa chini. Oili isibebe gari ukiwa chini yake, hata dakika moja ya kufungua nati ya sampu.

Boliti za sakafuni zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu, kisha zikaguliwe tena baada ya wiki mbili za kazi, na baada ya hapo kila Kaskazi na kila Kusi. Ukikuta moja inazunguka bila kushika, usiikaze zaidi wala usiitie gundi. Shusha gari, zima brekaa, na umwite mtu wa zege.